Kwenda Ruvubu Bila Kuwa Mzungu

Sisi wa Musinzira, karitiye ya hapa Gitega, hatujaomba ndege wala hoteli yenye bwawa la kuogelea. Tunataka kwenda kuona nyati. Tuondoke Gitega alfajiri, tufike hifadhini jua halijakaza, mchana tule pilau tuliyobeba wenyewe, magharibi itukute njiani tukirudi. Jambo la siku moja. Ukilisikia utadhani linapangwa kwa simu mbili tu. Tumelipanga hadi limetuchosha, na kila mmoja ana lake la kunung'unikia, ndiyo maana tumeona bora tunung'unike pamoja.

Tuanze na ramani, maana ndiyo iliyotudanganya. Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu ndiyo kubwa kuliko zote nchini Burundi: hekta 50,800, imekuwa hifadhi tangu 1980, imejinyoosha kando ya mto wenye jina hilohilo katika iliyokuwa mikoa ya Karuzi, Muyinga, Cankuzo na Ruyigi. Kutoka Gitega hadi Muyinga ni lami. Halafu mwaka 2025 mikoa 18 ilipokunjwa ikawa mitano, Karuzi ikaingia mkoa wa Gitega, hizo tatu nyingine zikawa Buhumuza yenye makao yake Cankuzo. Yaani kipande cha hifadhi kiko ndani ya mkoa wetu. Mwalimu wa hapa karitiye alipotufafanulia hilo, mama mmoja akasema, "Kumbe tunakwenda shambani kwetu!" Tukacheka, tukaanza kuchanga. Mhasibu tukamchagua siku hiyohiyo, mwanamke wa kuuza vitenge asiyejua kusahau deni.

Mto wenyewe ni jirani yetu. Unatoka juu upande wa Kayanza, unashuka na kupita karibu na Gitega, unapokea maji ya Ruvyironza, kisha unageuka kuelekea kaskazini mashariki na kuingia hifadhini. Ruvyironza huo ndio unaoanzia Rutovu, kwenye ile chemchemi iliyojengewa piramidi mwaka 1938, inayohesabiwa kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kabisa. Kila masika udongo wa mashamba yetu unabebwa na maji hayo mekundu hadi kwa viboko. Udongo hauulizwi kiingilio. Sisi wenye udongo ndio tunaoulizwa tunatoka nchi gani.

Hilo la nchi si utani. Kuna mtu aliyetuelekeza kwa wakala mmoja wa kupanga safari, hatumtaji jina, huenda ni mtu mwema aliyezoea kazi ya aina moja. Mwalimu alimpigia simu. Swali la kwanza: wageni wako wangapi? Akajibu. Swali la pili: wanatoka nchi gani? Mwalimu akasema, "Musinzira." Kimya. Kisha yule bwana akauliza kama kuna mwenyeji anayewasindikiza. Alidhani Musinzira iko mbali sana, labda Ulaya Mashariki. Bei aliyotutajia ilikuwa ya dola, kwa kichwa, na ndani yake mlikuwa na chupa za maji, tafsiri ya Kiingereza na mtu wa kupokea wageni uwanja wa ndege. Tulipomwomba atoe uwanja wa ndege na tafsiri, alisema haiwezekani, hicho ni kifurushi.

Na dola yenyewe ni ya wapi? Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga Mei 2023, tukaambiwa mambo yatalingana, lakini dola ya karatasi za benki na dola ya mtaani hazijawahi kusalimiana tangu hapo. Mwenye kulipwa kwa dola anaona Burundi rahisi. Anayeuza nyanya kwa faranga, akitajiwa bei ya dola, anageuziwa kwa dola ya mtaani. Kwa hiyo Mrundi analipa kama mgeni mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu hakuna aliyemfikiria, mara ya pili kwa sababu pesa yake ni ya kwao.

Tukasema basi, tuachane na wakala, tujipange wenyewe. Hapo likaja suala la siku.

Jumamosi asubuhi kuna kazi za umma. Kila raia anatakiwa awe na jembe au fagio, na gari lililojaa watu wenye sufuria za pilau likisimamishwa kabla kazi hazijaisha, ni nani atakayeeleza kwamba tunakwenda kutazama nyati? Ukingoja kazi ziishe, unafika hifadhini saa ambayo mnyama mwenye akili amelala kivulini. Jumapili Wakristo wetu wana misa, na wengine ni waimbaji, kwaya haiimbi bila sauti ya nne. Ijumaa Waislamu wetu wana sala ya mchana. Siku nyingine ni za kazi na shule. Tukaona tarehe 1 Julai, sikukuu ya Uhuru, kiangazi, hakuna shule, siku safi kabisa. Kijana mmoja akatukumbusha gwaride. Siku ya Uhuru wafanyakazi, wanafunzi na vyama vinapita mbele ya jukwaa, na asiyeonekana anaonekana zaidi kuliko aliyepita. Tukaahirisha uamuzi.

Na msimu nao una maneno yake. Masika ya kuanzia Februari hadi Mei si wakati wa kwenda: njia za ndani zinakuwa tope na majani yanarefuka hadi nyati mzima anaweza kusimama mbele yako ukaona masikio tu, kama umebahatika. Wenye uzoefu wanasema Juni hadi Agosti. Majani yamekauka, wanyama wanasogelea mto. Lakini kiangazi ndipo pia harusi zote zinapofungwa, na hapa kwetu mchango wa harusi ya jirani hauna mjadala. Mfuko wa nyati umekopwa na harusi tayari, tusifichane. Mhasibu anayo majina.

Sasa gari. Ndani ya hifadhi huendi kwa taksi baiskeli. Dereva wetu ana Probox, na anaipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Anabeba watu na magunia kwenda Karuzi na kurudi, na kwa lami hana wasiwasi. Alipoulizwa kuhusu njia za vumbi za hifadhini alitutazama kwa huruma. "Mzee wangu," akamwambia mkubwa wetu, "gari hili likikwama mbele ya nyati, mtalisukuma nyinyi?" Magari ya juu, yenye nguvu ya magurudumu manne, yapo ya kukodi, lakini wenye nayo wamezoea mashirika ya misaada, na mashirika hayabishani bei. Tukifikiria basi dogo, Hiace, tunaambiwa litaishia getini.

Hata hivyo gari si kitu mbele ya mafuta. Foleni za esansi zimekuwa sehemu ya maisha ya nchi hii miaka kadhaa sasa. Magari yanalala kituoni, madereva wanalala ndani yake, wake zao wanawaletea chakula pale. Mtu akipata esansi anaiwekea mipango: kwanza mgonjwa, pili msiba, tatu biashara. Nyati yuko wapi kwenye orodha hiyo? Dereva anasema akienda kuomba mafuta ya safari ya kutembea, wenziwe kwenye foleni watamcheka hadi waombe aondolewe mbele. Esansi ya magendo, inayovuka mpaka kwa madumu, ipo, na bei yake kila mtu anaijua kwa kunong'onezwa. Tukiinunua hiyo, lita za kwenda na kurudi zinakula mchango wote kabla hatujafika kwenye kiingilio.

Kiingilio! Hapa ndipo tulipogombana hasa. Kila mmoja ana bei yake. Mmoja kaambiwa na shemeji yake wa Cankuzo, mwingine kasikia kwa dereva wa shirika fulani, wa tatu ana karatasi ya zamani iliyoandikwa mkoa ambao haupo tena. Wanasema kuna bei ya mwananchi na bei ya mgeni. Safi. Bei ya mwananchi ni ipi, na ya mtoto je, na ya gari la mwananchi, na ya mtu wa kutuongoza? Tungependa kuisoma ukutani, kwa Kirundi na Kiswahili, kwa faranga, pale sokoni au kwenye ofisi ya komuni, kama tunavyosoma bei ya mbolea. Bei inayosikika kwa shemeji hubadilika ukifika.

Kijana wetu mwingine, aliyekulia kambi ya Mtendeli huko Kakonko, Tanzania, hadi ilipofungwa mwaka 2021, ndiye aliyetuchoma roho. Anasema Tanzania bei za hifadhi za taifa zimeandikwa wazi, na raia wa Afrika Mashariki ana mstari wake: Serengeti mtu mzima shilingi 10,000, wakati mgeni wa mbali analipa dola 60 na zaidi. Burundi iko ndani ya Jumuiya tangu 2007. Kwa hiyo mtu wa Musinzira, mbele ya karani wa Serengeti, anajua anadaiwa nini kabla hajatoka nyumbani, ila mbele ya Ruvubu ya mkoani kwake lazima akisie. Mzee mmoja akasema basi twende Serengeti. Akaulizwa nauli, akanyamaza, akanywa chai yake.

Na Akagera tusiitaje? Tutaitaja. Maji ya Ruvubu yakitoka Burundi yanakutana na Nyabarongo karibu na Rusumo, yanakuwa Kagera, yanapita ubavuni mwa hifadhi ya Akagera ya Rwanda. Kule walileta simba saba kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, maana wa kwao walikuwa wameisha, miaka miwili baadaye wakarudisha na faru. Maji yetu yanawapitia simba hao. Sisi mpaka wa kwenda huko umefungwa tangu Januari 2024, na hata ungekuwa wazi, turudi kwenye lile la mafuta.

Tunajua kuna watakaosema: Ruvubu kuna nini cha kuhangaikia? Tumeambiana wenyewe. Tembo hawapo. Simba hawapo, ingawa kichwa cha simba kiko kwenye nembo ya taifa na baadhi ya wafalme wa nchi hii walikuwa wakiitwa Ntare, simba mwenyewe. Twiga hatujawahi kuwa naye, lakini muulize mtoto wa shule achore mnyama wa porini, atakuchorea twiga, kwa sababu ndiye aliye kwenye daftari la kutoka nje. Kuna nyati, viboko, mamba, kuro, pongo, nyani, tumbili, mbega wekundu kwenye misitu ya kandokando ya maji, chui anayejificha, na ndege wa aina zaidi ya 400. Ukiwa Mzungu wa kutafuta simba watano kwa siku mbili, hapo hujafika. Lakini sisi hatukutoka Ulaya kuhesabu simba. Mtoto wa Gitega ambaye mnyama mkubwa aliyewahi kumwona ni ng'ombe, kiboko mmoja anamtosha mwaka mzima.

Mamba tunamjua kwa hadithi tu. Gustave wa Rusizi, yule anayesemekana amekula watu wasiohesabika, yule ambaye Mfaransa Patrice Faye alimwinda kwa mtego wa chuma akamkosa, hadi Marekani wakatengeneza filamu yake mwaka 2007. Dunia nzima imemwona mamba wa Burundi, na sisi tulimwona kwenye video iliyotafsiriwa na mtu wa banda la sinema.

Mwenye neno zito kuliko sote ni mama aliyeolewa hapa kutoka Muyinga. Kwao ni mpakani mwa hifadhi. Alitusikiliza siku nyingi tukizungumza nyati, nyati, ndipo akasema, "Nyinyi mnataka kulipa kwenda kuwaona. Kwetu wanakuja bure usiku." Nyani wanang'oa mahindi, kiboko akipita kwenye shamba la mpunga bondeni haachi hata mbegu ya kuazima, na nyati hapigwi kelele akakimbia kama mbuzi. Hifadhi ilipoundwa, familia zilizokuwa ndani zilihamishwa, na wazee wa kule bado wanaonyesha kwa kidole kilima kilichokuwa na migomba yao. Ukikata kuni ndani unakamatwa. Ukitega pongo unakamatwa, na hapo mama hapingi, anasema wanaotega ni wengi na nyama inauzwa gizani. Anachouliza ni pesa ya mgeni akija inapita wapi, maana kijijini kwao haijawahi kusimama hata kununua maji.

Tulimjibu kwa maneno mengi. Kwamba vita vya baada ya 1993 viliwamaliza wanyama na kuwafukuza wageni. Kwamba ofisi ya mazingira, OBPE, iliyochukua kazi ya ofisi ya zamani, INECN, mwaka 2014, inalinda eneo kubwa kwa askari wachache wanaotembea kwa miguu. Kwamba mgeni akija mmoja kwa wiki hakuna pesa ya kugawana. Akasema, "Basi si ndiyo maana mwende nyinyi?"

Kuna ukweli mkubwa katika jibu hilo kuliko katika mikutano yote ya utalii tunayoisikia redioni. Kila mara tunasikia mipango ya kuvutia watalii wa kigeni. Watalii hao wanasoma mashauri ya balozi zao, wanaona neno moja baya, wanakata tiketi ya Kigali au Arusha. Sisi hatusomi mashauri ya balozi. Tuko hapa, tumejaa, wanafunzi wa Gitega peke yao wangejaza hifadhi kila wikiendi ya kiangazi kama kungekuwa na basi moja la bei ya kueleweka. Ngoma za Gishora, za ile ngoma ya kifalme ya Burundi ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014, ziko kilomita chache kutoka mjini, na shule zinakwenda, kwa nini? Kwa sababu mwalimu anaweza kwenda na watoto kwa miguu au kwa gari la kawaida, na anajua wa kumwuliza. Jumba la Makumbusho la Taifa liko hapa hapa Gitega tangu 1955, watoto wanaingia wakiwa wamevaa sare, wanatoka wakibishana. Kwa nyati hakuna mlango wa namna hiyo. Mlango ulitengenezwa kwa kipimo cha gari la mgeni.

Nasi si malaika. Tukubaliane na wale waliotuambia kwamba watu wetu wakipelekwa hifadhini watawarushia nyani ndizi, wataacha mifuko na watafungulia muziki garini. Wengine watafanya hivyo. Wafundishwe, watozwe faini, kwani mgeni wa nje huzaliwa anajua kukaa kimya mbele ya kiboko? Mwongozaji akitueleza kwamba ukisimama kati ya kiboko na maji umejichimbia kaburi, tutasimama alipotuambia. Wengi wetu tumekaa kwenye foleni ya esansi usiku kucha bila kupigana, uvumilivu tunao.

Hali ilivyo sasa ni hii. Mfuko una pesa, ukiondoa walizokopa wenye harusi. Dereva amekubali kutufikisha kwa Probox hadi mwisho wa lami na si hatua zaidi, akipata esansi. Kuna mtu Karuzi anayesema ana binamu mwenye gari la juu, na binamu huyo simu yake haipatikani mchana. Siku haijapatikana, waimbaji wamependekeza Jumatatu ya Pasaka, mzee akawakumbusha masika. Pilau tumeshapanga nani ataleta mchele na nani nyama, hiyo ndiyo sehemu pekee iliyokamilika. Mmoja ametaka arudishiwe mchango wake kwa sababu shule zinafunguliwa, na mhasibu amekataa, amesema pesa ya nyati haivai sare.

Tukiwa tunasubiri, tunalo swali moja kwa yeyote anayeshika kitabu cha risiti pale getini, awe wa upande wa Cankuzo, wa Muyinga au wa Karuzi: mtoto wa Kirundi wa miaka tisa, asiye na pasipoti, asiyejua Kiingereza, aliyepakatwa na bibi yake kwenye kiti cha nyuma, ni faranga ngapi?